Gitaa Lisilo na Pindo

Ukitaka kumjua Maman Martine usimtazame usoni, maana uso wake umechoka siku nyingi na haukuambii kitu. Chukua sketi ya shule aliyoishona, igeuze, utazame upande wa ndani chini. Utakuta pindo pana kama kiganja cha mwanaume, limekunjwa mara mbili na kushikizwa kwa uzi mwepesi unaofunguka ukiuvuta. Huko Nyamugo, na hata kule chini sokoni Kadutu, hakuna mzazi asiyelijua pindo hilo. Mwaka huu mtoto anavaa sketi ya kimo chake. Mwakani Martine anafungua kunjo moja, mwaka unaofuata anafungua la pili, na msichana anamaliza shule ya msingi na sketi ileile, imepauka juu na ina mistari ya mapindo ya zamani chini. Basi, sketi ni sketi.

"Ataikomea," Martine huwaambia wateja wake. Ni neno letu la Bukavu: mtoto atakua mpaka kitu kimtoshe. Na wateja huondoka wamefurahi, kwa sababu ni nani katika mji huu anayenunua kitu cha leo tu?

Nyumbani kwake sheria ilikuwa hiyohiyo. Viatu vya binti yake Bijou vilijazwa karatasi kwenye vidole. Koti lake la mvua lilimfika magotini na mikono yake ilikunjwa mara mbili. Siku ya komunio ya kwanza alipanda madhabahuni ameshika gauni kwa mikono miwili asijikwae, na akina mama waliokaa nyuma wakacheka ndani ya vitenge vyao. Martine aliwasikia. Hakujali. Gauni hilo leo bado linavaliwa, ninyi mnaocheka ya kwenu yako wapi?

Bijou alikuwa na miaka tisa na alikuwa mfupi. Ufupi huo aliutoa kwa baba yake, Zagabe, mtu wa kuchimba dhahabu huko Mwenga, anayerudi nyumbani pale njia na bahati vinapopatana, na hivyo viwili havipatani mara nyingi. Kwa hiyo nyumba ilikuwa juu ya Martine. Kuamka kabla maji hayajakatika bombani, kuwasha makaa, kushusha mashini barazani, kushona mpaka macho yaone nyuzi mbili mahali palipo na uzi mmoja, kupandisha mashini ndani. Kesho vilevile. Kulikuwa na siku alikuwa akijibu "niko muzuri" kabla hajaulizwa, ili mambo yaishe.

Katika siku hizo zote kulikuwa na kitu kimoja kilichompumzisha. Pale parokiani alikuwapo mtawa mmoja, Maseri Ghislaine, aliyefundisha watoto gitaa baada ya katekisimu. Alikuwa na gitaa dogo, la watoto, na alimruhusu Bijou kurudi nalo nyumbani Jumamosi. Basi Jumamosi mchana mtoto alikaa kwenye ngazi nyuma ya nyumba akapiga. Hakuwa malaika, msidhani hivyo. Alikosea, akarudia, akakosea tena palepale. Lakini alipiga mpaka asisikie anaitwa kula. Na Martine, mguu ukiwa kwenye kanyagio la mashini, alikuwa akipunguza mwendo ili asikilize. Kila sauti nyingine ya siku ilimwita kufanya jambo. Ile haikumwomba chochote.

Halafu Maseri Ghislaine akahamishiwa Minova, na gitaa, kwa kuwa lilikuwa mali ya shirika lake la watawa, likaenda naye.

Mtoto hakulia. Alikaa kwenye ngazi zilezile Jumamosi ile, vidole vya mkono wa kushoto vikibonyeza bonyeza kwenye mkono wake wa kuume kana kwamba ndio shingo ya gitaa. Martine alimwona mara moja, akamwona mara ya pili, akasema moyoni: hapana, hii sitaiweza. Akashona msimu mzima wa kufungua shule bila kupumzika Jumapili, dhambi hiyo aliiungama baadaye, na siku moja akamshika Bijou mkono wakateremka mpaka Nyawera.

Huko Nyawera kuna kibanda cha Papa Gaston. Anatengeneza vikuza sauti vya makanisa, anabadilisha nyuzi, na anauza magitaa yanayofika kwa njia anazozijua mwenyewe. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, naye alikuwa amekaa mlangoni na sura ya mtu aliyekwisha kugombana na siku yake.

"Maman Bijou, karibu. Ni huyu njo mwenye gitare? Ikaa, mutoto. Hapana, ikaa muzuri, miguu chini, mugongo juu."

Akachukua kwanza gitaa kubwa, jipya, rangi ya asali, linang'aa mpaka unajiona. Akalilaza kwenye mapaja ya Bijou. Mtoto akapotea. Kilichobaki kuonekana kilikuwa paji la uso na magoti.

"Uko naona, maman?" Gaston akasema, akigusa bega la mtoto. "Mukono ya kuume inapashwa kupita juu ya tumbo ya gitare. Kwake inapanda mpaka bega inagusa sikio. Na angalia hii ya kushoto. Imenyooka yote, na vidole havijafika hata ku mwisho ya shingo. Mutu hachezi na mukono ya kunyooka. Kiwiko inapashwa kukunjika kidogo, yenyewe, bila kujikaza."

Akaliondoa. Akateremsha jingine kutoka msumarini, dogo, jeusi, lisilo na mbwembwe. "Hii banaita trois-quarts. Robo tatu. Ya batoto ya kimo yake."

Kiwiko cha Bijou kilikaa juu ya tumbo la gitaa kama kilizaliwa hapo. Vidole vikafika mwisho wa shingo na vikabaki na nafasi. Hakungoja kuambiwa. Akapiga wimbo wa Maseri Ghislaine mwanzo mpaka mwisho, macho amefumba, na watu wawili waliokuwa wakipita na vikapu vya dagaa wa sambaza wakasimama.

Sasa hapo mtu mwingine angesema: funga, naondoka nalo. Lakini Martine alifanya alichofanya maisha yake yote. Alitazama mbele.

"Na kisha myaka mbili?"

"Kisha myaka mbili, tatu, itakuwa ndogo. Utaniletea, tutatafuta ingine."

"Aah bon! Ninunue kitu, kisha ninunue tena kitu ileile? Na hii kubwa inapita kidogo tu bei, tena mbao ni mingi?"

"Maman, gitare haiko sketi. Haina pindo."

Wale wenye vikapu wakacheka. Lo! Kama angelisema wakiwa wawili peke yao, labda Martine angelisikia. Lakini kuchekwa mbele ya watu kwa kazi yako mwenyewe, kazi iliyokuvunja mgongo, hilo hapana. Akasimama wima.

"Papa Gaston, mutoto ni wangu. Miye njo namujua. Ataikomea."

Gaston akamtazama mtoto, akatazama taa iliyozimika juu ya meza yake, akakosa nguvu ya kuendelea. Mtu aliyechoka akibishana na mwingine aliyechoka, anashinda yule aliyesema mwisho. "Sawa, maman," akasema. "Uko mama yake."

Bijou ni mtoto aliyelelewa, na mtoto aliyelelewa habishi mbele ya muuzaji. Alirudisha lile dogo kwa mikono miwili, akashukuru, "Merci, maman," na wakapanda mlima, Martine amelibeba gitaa kubwa mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga. Njiani akina mama walimtania: "Maman Bijou, siku hizi uko mu orchestre?" Naye akacheka pamoja nao, kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi, kwa sababu kipya kinyemi, na alijiona ni mama aliyefanya jambo.

Jumamosi ya kwanza Bijou alikaa ngazini na gitaa lake. Martine akapunguza mwendo wa mashini, akatega sikio. Kikatoka kitu, kikakatika. Kikatoka tena, nyuzi zikaita kwa uchovu kama hazikubonyezwa sawasawa, kikakatika. Mtoto akasogea mbele, akainamisha gitaa, akalilaza kama ngoma, akalisimamisha. "Utazoea!" Martine akapaza sauti kutoka barazani. Jioni akaona alama nyekundu chini ya kwapa la mtoto, pale ukingo wa mbao ulipomkata. Akampaka mafuta ya mawese, akarudia: utazoea.

Wateja walikuwa wengi wakati ule. Ni watu wa shule waliochelewa, na watu wa shule hawana subira. Martine alikuja kutambua kwamba nyuma ya nyumba pamenyamaza kama vile unavyotambua kwamba mvua imekatika: hujui ilikatika saa ngapi. Alidhani mtoto anafanyia mazoezi ya Jumamosi parokiani, na korali ya watoto. Hata akafurahi kidogo. Tena siku hizo Bijou alikuwa anakula kweli, anaomba bugali ya pili, anamaliza sombe, mboga ya majani ya muhogo, mpaka anapangusa sahani. Mtoto anayekula ana shida gani?

Ikawa siku moja Philémon, kiongozi wa korali ya watoto, akapita barazani kuchukua suruali yake.

"Maman, Bijou anaendelea aje? Tulisema labda anagonjwa."

"Kugonjwa? Anakuya kwenu kila samedi!"

Philémon akakwaruza kidevu. "Hapana, maman. Hajakuya tangu siku mingi. Tuliisha kumutoa mu wale ba kucheza gitare siku ya fête. Nilijua uko na habari."

Martine alimlipisha suruali. Alipoingia ndani alilikuta gitaa juu ya kabati, limefungwa kwenye kitenge safi, fundo limekazwa vizuri. Hasira ikampanda kutoka miguuni. Jumapili zote zile! Macho yote yale! Basi alishona usiku na mchana ili kabati lipate kofia? Akavua kandambili moja, akaishika mkononi, akatoka nyuma ya nyumba anaita jina la mtoto kwa ile sauti ambayo watoto wa Nyamugo wote wanaijua maana yake.

Bijou alikuwa ananing'inia kwenye tawi la mwavoka, ule mparachichi wa nyuma ya nyumba.

Alilishika kwa mikono miwili, macho amefumba, meno ameuma. Miguu ilikuwa hewani, na kiatu kimoja kilikuwa kimekwisha kuchomoka na kuanguka kwenye majani.

"Bijou! Uko nafanya nini hapo?"

Mtoto akafungua macho, akaiona kandambili, asiachie tawi. "Niko navuta mikono, maman."

"Unavuta mikono ya nini?"

"Ikuwe mirefu." Sauti ilimtoka kwa shida. "Gitare inanikatala. Mais ulisema nitaikomea. Njo niko nangojea. Niko nakula bugali mingi, na asubui navuta mikono, na magaribi navuta tena. Usikasirike, maman. Mikono inakawia, mais niko najikaza."

Kwanza Martine alicheka. Kicheko kilimtoka chenyewe, cha mtu aliyechoka. Kisha kikamwacha ghafla, akabaki amesimama na kandambili yake, mguu mmoja mtupu juu ya udongo. Mtoto huyu hakumlaumu mama. Hakulaumu gitaa. Alikuwa ameilaumu mikono yake. Amelifunga gitaa kwenye kitenge safi kama watu wanavyofunga kitu cha mwenye kusafiri, akakaa kumngoja yule Bijou mwingine, mkubwa, atakayekuja kulipiga.

"Shuka," akasema. "Shuka, mama, utaanguka."

Alimpokea kwa mikono miwili, na alipoinama kumshusha mgongo ukamkamata palepale unapomkamata kila siku, upande wa kushoto, juu ya kiuno. Wateja wakimwuliza kuhusu mgongo huo huwajibu: ni uzee. Si uzee. Martine alitolewa kijijini Nyantende akiwa mdogo kuliko shule inavyotaka, akaletwa mjini kwa shangazi wa baba yake ajifunze kushona. Mashini ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, ya mtu mzima. Miguu yake haikufika. Alikaa kwenye ncha ya benchi, nusu ya mwili hewani, amejipinda upande mmoja ili kidole gumba kiguse kanyagio, siku nzima, mwaka na mwaka mwingine. "Utaikomea," shangazi alimwambia. Na ni kweli, alikua, miguu ikafika. Lakini mgongo ulikuwa umekwisha kushika njia yake. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Hakuwahi kumwambia mtu, wala yeye mwenyewe hakuwahi kulifikiria mpaka mwisho. Nani ana nafasi ya kufikiri? Alikaa chini ya mwavoka, Bijou pajani, miguu ya mtoto ikining'inia, na machozi hayakuja. Alikuwa amechoka mno hata kwa machozi. Alijisikia aibu tu, aibu nzito, na hofu: kwamba huenda amekwisha kuchelewa.

Asubuhi yake akalibeba gitaa tena mgongoni, akafunga baraza siku ya kazi, jambo ambalo majirani walilisema wiki nzima. Papa Gaston alipowaona wanakuja hakucheka. Alifahamu kabla hawajafika mlangoni.

"Ile ndogo ilienda, maman," akasema. "Familia moja ya Kavumu."

"Ingine itakuya lini?"

"Bintu vinakuya na njia, na njia uko naijua wewe mwenyewe. Labda Noeli. Labda hapana."

"Basi tungojee Noeli?"

Gaston akapangusa mikono kwenye suruali. Akamtazama Bijou aliyesimama ameinamisha kichwa. "Nikuambie kweli, maman? Mutoto akingojea, vidole vinasahau. Vidole si kitu, vinarudi. Mais kisha roho nayo inasahau, na ile hairudi. Nimeona wengi. Banakuwa bakubwa, mikono inafika muzuri, na gitare iko ku nyumba. Hawaigusi."

Fimbo ya mbali haiui nyoka, ndivyo wasemavyo, na Martine alikuwa amelisikia neno hilo tangu utoto bila kudhani siku moja litamhusu. Akazungusha macho kibandani. Nyuma ya vikuza sauti vilivyofunguliwa matumbo aliona kitu kwenye kona.

"Na ile?"

"Ile? Aka, maman, ile ni ya zamani. Mutu aliiacha hapa, hakurudi."

Lilikuwa dogo, robo tatu, halina rangi yoyote ambayo mtu angeweza kuitaja. Tumbo lilipasuka na kuzibwa kwa kipande chembamba cha mbao ya tripleksi. Mtu alikuwa amekwaruza jina nyuma, Mardochée, kwa msumari. Kisikio kimoja cha kukaza nyuzi kilikuwa kimevunjika, na Gaston alitumia koleo kukikaza. Alipolitia nyuzi, huku akinung'unika kwamba haliuziki, sauti ilitoka ndogo lakini ilikuwa sauti ya kweli.

"Ikaa, Bijou," Martine akasema.

Akamkalisha mwenyewe. Akamwekea gitaa mapajani. Akasimama mbele yake, akatazama mabega kama yako sawa, akapitisha kidole chini ya kwapa aone kama mbao inagusa, akashika kiwiko cha kushoto akaona kinakunjika, akasema, "Fika mwisho," na vidole vikafika. Watu wazima na watoto wangapi wamesimama mbele ya Martine akiwapima! Siku hiyo alimpima binti yake mwenyewe bila kuongeza kitu.

"Chukua ile mupya," akamwambia Gaston. "Nipe hii."

"Maman, hapana. Tubadilishe hivi? Hii ni kukuiba. Ngoja nikuongezee..."

"Tutaongea siku ingine. Leo sina nguvu ya kuongea."

Njiani walitaniwa, ni lazima. "Maman Bijou! Gitare uliifua na maji ya moto ikapungua?" Martine akakaza mwendo. Bijou alikuwa mbele yake akipanda mlima, amelikumbatia gitaa bovu kwa mikono miwili, anatembea haraka kuliko mama yake alivyoweza.

Walipofika, sketi za watu zilikuwa zimerundikana juu ya mashini, na mteja mmoja alikuwa amekwisha kupita akaenda na maneno yake. Martine aliziona. Akapita, akaenda nyuma, akakaa kwenye ngazi na kuegemeza mgongo ukutani.

Bijou akapiga. Vidole vilikuwa vimeanza kusahau, hilo lilisikika wazi. Alikwama mahali ambapo zamani hakukwama, akarudi mwanzo, akakwama tena, akatoa sauti ya hasira puani, akarudi. Martine hakusema utazoea. Mara ya nne au ya tano wimbo ukapita, wote, mpaka mwisho, na mtoto akacheka peke yake, kisha akaweka kiganja juu ya nyuzi.

"Maman."

"Nini?"

"Nikikuwa mukubwa, hii itakuwa ndogo."

"Ndiyo. Itakuwa ndogo."

"Sasa tutafanya aje?"

Mtu wa kutazama mbele maisha yake yote, Martine alitazama na huko mbele hakuona kitu: si gitaa jingine, si Noeli, si Zagabe njiani.

"Sijue, mutoto yangu," akasema, akafumba macho. "Cheza."